Muuzaji Alijua? Historia ya Adhabu kwa Sumu Iliyouzwa kwa Jina Jingine

Kifungu cha 276 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 hakitajwi sana na wanaoandika historia ya pwani yetu, ingawa kwa zaidi ya miaka 30 kilikuwa sheria Mombasa. Kilimlenga mtu anayeuza dawa moja kwa jina la dawa nyingine. Adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miezi 6, au faini isiyozidi rupia 1,000, au vyote viwili. Vifungu vilivyokitangulia, kuanzia cha 272, vilihusu vyakula na dawa zilizochakachuliwa, na adhabu ilikuwa ile ile. Kanuni hiyo ililetwa katika Himaya ya Afrika Mashariki kwa amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1897. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, waliiingiza huko nako mwaka 1920. Ilikaa mpaka 1930.

Nakianza na kifungu hiki kwa sababu kinapingana na dai tunalolisikia kila dawa bandia au kiuatilifu kilichopigwa marufuku kinapokamatwa dukani: kwamba kwetu sheria za lebo ni jambo geni, limekuja na mamlaka za udhibiti za miaka ya karibuni, na kwa hiyo tuvumilie, bado tunajifunza. Dai hilo si kweli. Sheria ilikuwapo kabla babu zetu hawajaanza kununua kwinini madukani kwa wingi. Kilichoidhoofisha ni sharti moja lililokaa katikati yake: muuzaji aadhibiwe iwapo aliuza *kwa kujua*. Ukifuatilia sharti hilo kutoka nchi hadi nchi, utaona kwa nini kwa karne moja na nusu sumu imeua watu wengi na kuwafunga wauzaji wachache.

Kabla ya sheria hizo palikuwapo mapokeo ya Kiislamu ya hisba, ambayo hayahitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili. Muhtasib alikuwa msimamizi wa soko. Kitabu cha al-Shayzari, kilichoandikwa Sham katika karne ya 12, kina sura juu ya wauza dawa na watengenezaji wa sharubati za tiba, na kinaeleza namna za kugundua kilichochanganywa. Muhtasib hakungoja mlalamikaji aje mbele yake. Alikwenda dukani, akaifungua bidhaa, na kosa lililo wazi aliliadhibu kwa viboko au kwa kumtembeza mkosaji mjini watu wamwone. Uchunguzi ulianza na kilichomo ndani ya chombo. Sheria za Kiingereza zilianza kwingine, na hapo ndipo matatizo yalipozaliwa.

Mwaka 1851 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya arseniki. Sumu hiyo ni unga mweupe, hauna harufu, na ukiutazama huwezi kuutofautisha na sukari au unga wa ngano. Sheria ikaagiza muuzaji aandike kitabuni jina la mnunuzi, anapoishi na anachokwenda kuifanyia, na kwamba arseniki inayouzwa kwa kiasi kidogo ichanganywe na masizi au nili ili mtu aione rangi yake. Aliyekiuka alitozwa faini isiyozidi pauni 20. Ilikuwa sheria nzuri kwa mtu anayejua kwamba anauza arseniki.

Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba 1858, katika soko la mji wa Bradford, mchuuzi William Hardaker aliuza peremende kama kawaida yake. Peremende zile alizinunua kwa mtengenezaji aliyeitwa Joseph Neal. Sukari ilikuwa ghali, na watengenezaji pipi walikuwa na desturi ya kuipunguza kwa unga wa jasi au wa chokaa. Neal alimtuma mtu kwenye duka la dawa la Charles Hodgson, maili chache kutoka mjini, akanunue unga huo. Hodgson alikuwa mgonjwa kitandani. Msaidizi wake kijana, William Goddard, aliuliza pipa liko wapi, akaelekezwa, akachota ratili 12 kutoka pipa lisilo lenyewe. Ilikuwa arseniki. Fundi aliyezipika peremende aliugua kazini. Hardaker aliziona hazikutoka sura ya siku zote, akalitumia hilo kupunguziwa bei, akazinunua. Vifo vya kwanza, vya watoto, vilidhaniwa ni kipindupindu. Mpaka polisi walipopita mitaani wakipiga mbiu usiku, watu wapatao 20 walikuwa wamekufa au wako njiani kufa, na zaidi ya 200 waliugua.

Goddard, Hodgson na Neal walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka dhidi ya Goddard na Neal yaliondolewa. Hodgson alifikishwa mahakamani York mwezi Desemba, akaachiwa. Hakuna hata mmoja aliyelipa faini chini ya sheria ya arseniki, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kilichouzwa ni arseniki. Kwa mujibu wa sheria, watu 20 waliuawa bila muuaji.

Wanahistoria wa tiba wa Uingereza hupenda kulimaliza simulizi hili kwa heri: vifo vya Bradford vikaleta sheria ya 1860 dhidi ya uchakachuaji, kisha Sheria ya Famasia ya 1868 iliyolazimisha kila chombo cha sumu kibandikwe jina la kilichomo, neno la onyo na jina na anwani ya muuzaji, faini pauni 5 kwa kosa la kwanza na pauni 10 kwa kila kosa linalofuata. Ni kweli, lakini simulizi hilo linaharakisha mno. Sheria ya 1860 bado ilidai ithibitishwe kwamba muuzaji alijua, na ilibaki karatasi tu. Mabadiliko halisi yalikuja mwaka 1875, katika sheria ya mauzo ya vyakula na dawa. Kifungu chake cha 6 kilikataza kumuuzia mtu kitu kisicho cha asili, kiini na ubora alioutaka, faini isiyozidi pauni 20. Neno la kujua halikuwekwa humo, na mwaka 1888, katika kesi ya Betts dhidi ya Armstead, majaji walikataa kulichomeka. Mwenye duka aliyenunua mzigo mchafu kwa nia njema akaupeleka mbele kwa mteja alikuwa na kosa.

Tazama tarehe hizo kwa makini. Mwaka 1888 mahakama za London zimekwisha kuachana na sharti la kujua kwa bidhaa zinazouzwa kwa Waingereza wenyewe. Miaka tisa baadaye, 1897, serikali hiyo hiyo inaileta Mombasa kanuni ya 1860, yenye sharti lile lile waliloliacha nyumbani. Sidai kwamba walikaa chini wakapanga kutunyima kinga. Kanuni ya India ilikuwa tayari, imechapishwa, na mahakimu waliotoka India waliizoea. Ila matokeo hayabadiliki kwa sababu hiyo. Mteja wa Ndia Kuu, Mombasa, alilindwa kidogo kuliko mteja wa Manchester, na sheria ndiyo iliyopanga hivyo.

Wamarekani walilifikia swali hili kwa njia yao. Mwaka 1852, Mahakama ya Rufaa ya New York ilisikiliza kesi ya Thomas dhidi ya Winchester. Chupa ya beladona, sumu kali, ilibandikwa lebo ya dandelioni, dawa ya kawaida isiyo na madhara. Ilipita kwa muuzaji wa jumla, ikafika kwa muuzaji wa mji mdogo wa Cazenovia, ikamfikia mama aliyeandikiwa na daktari. Alinusurika kwa shida. Winchester, ambaye dawa ilitoka kwake, alijitetea kwamba hakuwa na mkataba wowote na mama yule. Mahakama ikasema anayeweka lebo ya uongo kwenye sumu anahatarisha maisha ya yeyote ambaye chupa itamfikia, hata wauzaji wangapi wakiwa katikati. Hii ilikuwa fidia, haikuwa jinai, lakini naiheshimu kuliko hukumu nyingi zilizokuja baadaye, maana iliifuata chupa mpaka mikononi mwa mgonjwa.

Sheria ya shirikisho ya 1906 haikufika huko. Ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo dawa yenye lebo ya uongo, na faini ya kosa la kwanza haikuzidi dola 200. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mtu aliyetangaza kwenye lebo kwamba dawa yake inatibu saratani, iliamua kwamba uongo unaokatazwa ni ule wa viambato, na kwamba ahadi ya kuponya, hata ikiwa ya uongo, haimo. Mwaka uliofuata Bunge lilirekebisha, likachomeka sharti la kuthibitisha nia ya kulaghai. Yaani mlango uliofungwa London mwaka 1888 ulifunguliwa Washington mwaka 1912.

Sasa nifike mwaka 1937, ambao nadhani ndio mwaka muhimu kuliko yote katika habari hii.

Dawa ya salfa, salfanilamaidi, ilikuwa ajabu mpya ya tiba. Iliponya maambukizi ambayo hapo kabla yalikuwa yakiua. Ilikuwa ya vidonge na unga, na watoto hawakuweza kuimeza. Kampuni ya S. E. Massengill, ya mji wa Bristol katika jimbo la Tennessee, iliambiwa na mawakala wake kwamba wateja wa kusini wanataka dawa ya maji. Mkemia mkuu wake, Harold Watkins, aligundua kwamba salfa inayeyuka katika daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu kinachotumika viwandani. Akatia ladha ya rasiberi. Kampuni ikachunguza ladha, sura na harufu. Haikuchunguza kama inaua, na hakuna sheria iliyoilazimisha kufanya hivyo. Mwanzoni mwa Septemba ilisafirisha dawa hiyo nchi nzima ikiwa na jina la "eliksa". Galoni 240 zilitengenezwa.

Mwezi Oktoba madaktari wa Tulsa, Oklahoma, waliona watoto wakifa baada ya figo zao kuacha kufanya kazi. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipima dawa, kikaikuta sumu. Kampuni ilituma simu kwa wateja ikiomba mzigo urudishwe, pasipo kusema kwamba dawa inaua. Ni serikali iliyoilazimisha itume simu ya pili yenye onyo la wazi. Mamlaka ya shirikisho, chini ya Walter Campbell, iliwaingiza kazini karibu wakaguzi na wakemia wake wote 239. Walifuatilia risiti duka kwa duka na mgonjwa kwa mgonjwa. Wakala mmoja wa Texas alikataa kutaja aliowauzia mpaka alipowekwa ndani. Walipomaliza, galoni 234 na painti moja zilikuwa zimepatikana. Kile kidogo kilichonywewa kiliua watu zaidi ya 100 katika majimbo 15, na 34 kati yao walikuwa watoto.

Kosa lilikuwa lipi? Kwa sheria ya 1906, kosa lilikuwa jina. Neno "eliksa" katika maduka ya dawa ya Marekani lilimaanisha dawa iliyoyeyushwa kwenye kileo, na hii haikuwa na kileo. Katika taarifa aliyoipeleka Bungeni Novemba 1937, Waziri wa Kilimo Henry Wallace alieleza bayana kwamba kama bidhaa ingeitwa tu "myeyusho", serikali isingekuwa na mamlaka ya kuikamata. Samuel Massengill alikiri mashtaka 174, akatozwa dola 150 kwa kila moja, jumla dola 26,100. Ilikuwa faini kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa chini ya sheria ile. Ukiigawa kwa waliokufa, haifiki dola 250 kwa kila marehemu. Watkins alijiua.

Wako waliomtetea Massengill, na hoja yao bado inarudi kwa sauti mbalimbali: alijibu haja halali ya madaktari, hakuvunja katazo lolote, na hakuna aliyeweza kutabiri. Hoja hii sioni sababu ya kuipa nafasi. Tafiti zilizokwisha kuchapishwa kabla ya Septemba ile, nyingine tangu 1931, zilionyesha kwamba daiethilini glaikoli inadhuru figo za wanyama. Kampuni yenye mkemia mkuu ilikuwa na uwezo wa kufungua jarida. Na hata bila jarida, majaribio kwa panya yangechukua siku chache. Walipoombwa na serikali, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Profesa Geiling walionyesha haraka ni kipi kilichoua. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi kijana, Frances Kelsey, ambaye mwaka 1960 ndiye aliyekataa kuidhinisha thalidomidi Marekani.

Tafsiri ya pili ni ya wanaosema kisa kile kilikuwa bahati: jina lilikosewa, serikali ikapata pa kushika, maisha yakaokolewa. Tafsiri hii ina ukweli na inastahili kusikilizwa. Ila inaficha jambo la miaka minne iliyotangulia. Mswada wa kuibadilisha sheria ya 1906 ulikuwa Bungeni tangu 1933. Seneta Royal Copeland wa New York, daktari kwa taaluma, aliubeba mwaka baada ya mwaka huku watengenezaji wa dawa na watangazaji wakiukatakata. Mamlaka ilitengeneza hata maonyesho ya bidhaa zilizowaumiza watu, ikiwamo rangi ya kope iliyompofusha mwanamke, ili wabunge wajionee. Hawakuguswa vya kutosha. Mama mmoja wa Tulsa alimwandikia Rais Roosevelt barua juu ya binti yake mdogo aliyekufa, akamwomba achukue hatua. Sheria mpya ilitiwa saini tarehe 25 Juni 1938. Copeland alikuwa amefariki siku 8 kabla.

Kilichomo ndani ya sheria hiyo ndicho ninachotaka msomaji akikumbuke. Iliigawa adhabu ngazi mbili. Aliyesafirisha dawa yenye lebo ya uongo alikuwa na kosa, awe alijua au hakujua: hadi mwaka 1 jela au faini isiyozidi dola 1,000. Aliyekusudia kulaghai, au aliyerudia kosa, alipanda ngazi: hadi miaka 3 na dola 10,000. Kujua hakukuwa tena sharti la kumtia mtu hatiani. Kulipima tu uzito wa adhabu.

Ilijaribiwa mapema. Joseph Dotterweich aliongoza kampuni ndogo ya Buffalo iliyonunua dawa viwandani, ikazibandika lebo yake na kuziuza. Juri ilishindwa kukubaliana juu ya kampuni, ikamtia hatiani yeye binafsi, ingawa hakuna aliyeonyesha kwamba alijua kasoro. Mwaka 1943 Mahakama Kuu iliithibitisha hukumu kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Frankfurter alikubali kwamba kuna ugumu kumwadhibu asiyejua, lakini akaona ni afadhali mzigo huo umwangukie mtu aliye na nafasi ya kuchunguza bidhaa kabla ya kuiuza, kuliko umma usio na namna ya kujikinga. Jaji Murphy alipinga akitaja haki za mshtakiwa, na pingamizi lake ni la mtu mwaminifu. Ila mnunuzi wa dawa ya mtoto hana maabara, na mwenye kampuni anaweza kuwa nayo. Naona Frankfurter alikuwa sahihi.

Huku kwetu, kanuni za adhabu zilizochukua nafasi ya ile ya India mwaka 1930, Kenya, Uganda na Tanganyika, zililibakiza sharti la kujua katika kosa la kuuza dawa zilizochakachuliwa. Sheria za famasia na sumu zilifuata, ya Kenya mwaka 1957, ya Tanzania mwaka 1978, kisha sheria ya Tanzania ya chakula, dawa na vipodozi ya 2003. Viuatilifu vikapata sheria zao, Tanzania 1979, Kenya 1982. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka 1998, wakati sabuni za mkorogo zilizotengenezwa Ulaya, ambako wenyewe hawaruhusiwi kuzitumia, zilikuwa zikijaza masoko ya Afrika. Umoja wa Ulaya ulikataza kuzisafirisha nje mwaka 2003 tu. Katika mashauri ya namna hii, anayefikishwa mbele ya hakimu kwa kawaida ni mwenye kibanda.

Na ile daiethilini glaikoli haikuondoka. Mwaka 2006 iliingia Panama ikiwa na hati zinazosema ni gliserini safi, baada ya kupita kutoka China hadi Hispania na jina kubadilishwa njiani. China ilitekeleza adhabu ya kifo dhidi ya mkuu wake wa zamani wa udhibiti wa dawa mwaka 2007, kwa rushwa. Mwishoni mwa 2008 iliua watoto 84 Nigeria katika dawa ya watoto wachanga wanaoota meno. Mwaka 2013 mahakama ya Lagos iliwafunga wafanyakazi wawili miaka 7 kila mmoja na kuamuru kampuni ivunjwe. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Gambia, watoto wasiopungua 66, kisha Uzbekistan, ambako mwezi Februari 2024 mahakama iliwahukumu watu 23, mmoja wao miaka 20, kwa vifo vya watoto 68. Aprili mwaka huo huo, maabara ya Nigeria ilipotoa taarifa juu ya kundi moja la dawa ya kikohozi ya watoto, mamlaka za Kenya, Tanzania na Rwanda ziliagiza liondolewe madukani, nayo kampuni ikakanusha.

Wanaodai adhabu ya kifo wanaitazama orodha hii na kuona upole. Mimi naona nchi ambazo zilitoa adhabu kali baada ya maziko, na sumu ikaendelea kusafiri kwa sababu kila mtu katika mnyororo wa biashara angeweza kusema: niliuziwa hivyo, lebo ilisema hivyo, sikujua. Faini ndogo inayomwangukia kila aliyeigusa chupa, aliyejua na asiyejua, ingemfanya kila mmoja aipime kabla ya kuipokea.

Miswada ya dawa, viuatilifu na vipodozi huletwa kwa maoni ya wananchi katika nchi zetu zote. Utakapoletwa mwingine, msomaji, usiishie kusoma miaka ya kifungo na mamilioni ya faini, maana ndiyo yanayotangazwa. Tafuta palipoandikwa "kwa kujua". Kama maneno hayo yamewekwa kwenye kipimo cha adhabu, yaache. Kama yamewekwa kwenye kosa lenyewe, andika barua kwa kamati ya Bunge yaondolewe.